Marehemu Komeo, Fundi Aliyeufunga Mtaa Wetu kwa Chuma

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Komeo na wachache mlimjua zaidi kwa ngumi zake, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la mama yetu, mlango wa tatu kutoka posta. Uchungu ulimshika mama akiwa anampimia mteja pazia. Alimaliza kukata mita sita, akaingia ndani, akajifungua. Siku hizo mtu akisema anakwenda mjini alimaanisha mtaa wetu huu na si kwingine. Nimeombwa nisome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu, lakini kaka hakufa kwa upole na mimi upole wenyewe sina mwingi.

Alianza shule ya msingi nyuma ya posta mwaka 1968. Akiwa darasa la tano alimvunja jino mwenzake aliyechora tusi kwenye kioo cha duka la mama. Mwenye jino yupo hapa leo, ndiye aliyeshika jeneza upande wa kushoto, na tangu siku ile hawakuachana. Mwaka 1977 marehemu aliingia chuo cha ufundi kusomea kuchomelea vyuma. Alimaliza mwaka 1979 akiwa wa kwanza darasani, akafungua karakana yake mwisho wa mtaa, akawa anatengeneza vitanda, viti na fremu za madirisha ya maduka.

Tarehe 12 Septemba 1987 alifunga ndoa na muuza viatu. Walijuana alipokwenda kumwekea kioo cha duka akakikwaruza, na alipobisha kwamba hajakikwaruza, bibie alimrushia kiatu cha kisigino kikampasua paji la uso. Alirudi kutoka zahanati na nyuzi tatu na mchumba. Walijaliwa binti mmoja, ambaye leo ni fundi kuliko baba yake, na baba mwenyewe alikiri hivyo, ingawa kwa shingo upande.

Jumanne tarehe 14 Juni 1994, saa nne asubuhi, kundi la watu wenye mawe na nondo lilipita mtaani likavunja kila kioo, mwanzo hadi mwisho. Kioo cha dukani kwetu kilimwangukia mama usoni. Mimi ndiye niliyemshika kichwa, na damu ya jicho lake iliniingia mikononi hadi kwenye viwiko. Komeo alitoka na bomba la chuma akavunja mikono ya watu wawili kabla hajaangushwa na kukanyagwa mbavu. Mama alipoteza jicho la kulia. Mbavu za kaka zilipopona, aliapa kwamba piga ua, jiwe halitaingia tena dukani kwa mtu.

Hapo ndipo alipopata jina lake. Alitengeneza milango ya chuma ya kushusha, ya bati nene, yenye makomeo matatu yaliyojifunga yenyewe kwa ndani, na kwa nje hakuna hata pa kuingiza kucha. Alianza na duka la mama, akamaliza maduka yote arobaini na moja. Mkewe alikataa, akisema, "Mimi nauza viatu, sijafungua jela." Alimwekea hivyo hivyo siku mke alipokwenda kwa mama yake, na hawakusemeshana miezi miwili.

Tulikuwa salama, na salama ile ilitumaliza. Tulizoea kushusha milango nusu, kisha robo tatu, kisha tukawa tunamhudumia mteja kupitia upenyo kama tunampa dawa ya siri. Wateja wakahamia jumba la maduka nje ya mji. Muuza kofia akafunga, akafuata mpiga picha, akafuata wa redio. Ilipofika mwaka 2016 tulibaki kumi na wanane, na katikati ya mtaa watu waliporwa mchana kweupe bila shahidi, maana pande zote mbili zilikuwa chuma kitupu.

Tarehe 3 Agosti mwaka huo, saa saba mchana, watu watatu waliingia kwa fundi saa, yule rafiki wa pekee ambaye kaka hakuwahi kumpiga. Waliushusha mlango, makomeo yakajifunga, wakaanza kumpiga. Tuliokuwa nje tulisikia kila kitu. Komeo alikuja mbio na grenda ya kukatia chuma. Ilimchukua dakika arobaini. Fundi saa alikuwa akiupiga mlango kwa kiganja kutoka ndani, na dakika ya ishirini aliacha. Wauaji walipasua dari wakatokea paani. Mlango haukuwa na kosa hata moja.

Siku tatu kaka hakula. Siku ya nne alikwenda dukani kwa mkewe, akaukata mlango wa chuma, akaweka kioo. Kisha akaenda kwa kila mtu kuomba aukate na wake. "Niliwajengea pa kufia," alisema. Muuza vyombo alimzaba kofi, na kwa mara ya kwanza maishani Komeo hakulirudisha. Ilimchukua miaka saba. Maduka yakaanza kuwaka taa jioni, akaja kinyozi, akaja muuza vitabu, watu wakaanza tena kutembea wakitazama vitu. Si kama zamani, tusidanganyane makaburini. Lakini milango arobaini ilikatika, ukabaki mmoja.

Tarehe 2 Mei mwaka huu wa 2024, saa tisa alasiri, watu watatu wenye nyundo walimvamia karakanani. Alimwangusha mmoja kwa bomba, naye ana miaka sitini na mitatu, kabla hawajampasua fuvu. Kinyozi aliona kupitia kioo cha duka lake, akavuka barabara na wembe mkononi, na mteja wake nyuma yake amenyolewa nusu. Tulifika watu kumi na watano. Polisi waliwakuta wale watatu hai, na hilo ni kwa sababu mke wa marehemu alisimama mbele yetu akatuzuia. Mimi nilikuwa na nondo.

Alilazwa siku kumi na tisa. Kabla hajakata kauli aliuliza, "Kioo cha karakana kilivunjika?" Mkewe akamwambia kilivunjika. "Weka kingine," akasema. Alifariki tarehe 21 Mei, saa mbili asubuhi, saa ya kufungua maduka.

Ameacha mjane, binti, mkwe, wajukuu wawili na dada mmoja, ambaye ni mimi. Ameacha pia mlango mmoja wa chuma aliouomba miaka saba bila kupewa. Ni wa duka la vitambaa aliloniachia mama, mlango wa tatu kutoka posta. Kila alipokuja na grenda nilimwonyesha mikono yangu iliyomshika mama siku ile, naye akarudi na grenda yake.

Binti wa kaka, kesho saa mbili asubuhi njoo na grenda hiyo. Nitaushika mimi mwenyewe usitikisike. Na wewe kaka, pumzika sasa. Kelele utakazosikia ni za mlango wangu.