Mama Mkali wa Ukurasa wa Tisa

Jioni ya Jumatano, tarehe 11 Juni 1958, mke wangu, marehemu Sikudhani binti Mwinjuma, aliosha brashi zake, akanipa penseli nimchongee, akalalamika kwamba chai imepoa, kisha akaenda kulala.

Marehemu alizaliwa Ruaruke mwezi Machi 1925, akasoma Kurani chuoni kwa Mwalimu Sadala, kisha shule ya wasichana Dar es Salaam hadi 1941, akafundisha darasa la kwanza hapa Kibiti, na tarehe 10 Agosti 1946, nilipokuwa nimerudi kutoka Makerere, tukaoana, tukajaliwa watoto wawili, Abdulkarimu na Mashavu.

Kuanzia 1949 alichora picha za vitabu vya kusomea watoto, na katika kitabu cha pili, cha 1951, alipewa ukurasa wa tisa, wenye neno moja tu, kali, akachora kisu kikali kikikata muwa, jua kali juu ya mpunga, siki kali na mtoto aliyekunja uso, na mwisho mama mkali, kanga kiunoni, mwiko juu, ambaye uso wake ulikuwa wa shangazi yangu Mwanahawa, aliyenilea.

Hakumwomba ruhusa. Kitabu kilipofika shuleni, watoto walimfuata shangazi mpaka kisimani wakiimba, "Mama Mkali, ukurasa wa tisa!", nasi watu wazima, mimi nikiwamo, tulicheka, mpaka akafungasha, akahamia Mtawanya.

Tangu hapo marehemu hakuchora tena uso wa mtu mzima, kila mama katika vitabu vyake ametupa mgongo au amefunikwa na mzigo aliojitwika, na wengi mlimsifu kwamba ameshika dini, sifa zilizomwinamisha kichwa, ndiyo maana aliniusia niseme sababu hapa, kwa kuwa alimwaibisha mtu mbele yenu. Kila Idi alikwenda Mtawanya kuomba radhi, mlango haukufunguliwa.

Aliugua figo tangu Januari, akafariki alfajiri ya leo, Alhamisi. Tunamshukuru mganga wa zahanati, majirani waliomchotea maji miezi yote hiyo, na walimu wenzake waliomshikia darasa.

Asubuhi nilichukua baiskeli, nikaenda Mtawanya, nikapiga hodi, nikatoa habari ya msiba mlangoni. Shangazi alinitazama, akauliza, "Nani anamwosha?" Nikasema bado. Akasema, "Mlicheka wote, Haruni, na wewe ulicheka kuliko wote. Haya, nipakie, na usikimbize, mimi si gunia la mpunga." Nikampakia, nikamleta.

Pumzika kwa amani, Sikudhani, amekuosha uso kwa mkono wake.