Jicho la Pili Kwenye Printa: Kumuaga Mama Rébecca

Tarehe 31 Julai, Mama Kavugho Rébecca, mkuu wa sekretarieti yetu ya Butembo, anakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Kwa msomaji mgeni: kampuni yetu hununua kakao na kahawa kwa wakulima, kuanzia Mabalako na Mutwanga hadi Kayna, na kila anayeleta magunia hupewa hati iliyochapwa yenye jina lake, ambayo ndiyo anayolipwa kwayo. Hati hizo ndizo zilizokuwa kazi ya Mama Rébecca. Aliyepewa kalamu hapa ni mimi, Lusenge wa uhasibu, jirani yake wa mlango kwa mlango, na nimeombwa nisitie chumvi.

Alianza na mashini ya taipu iliyosikika hadi barabarani. Baadaye ikaja kompyuta, kisha printa moja kubwa, ambayo aliiweka mbele ya meza yake kwa makusudi. Hakuna karatasi iliyotoka bila yeye kuisoma. Ulituma kazi yako kutoka chumbani kwako, ukaenda kuichukua, ukamkuta ameishika tayari, miwani kwenye ncha ya pua. Hata mkurugenzi wetu, Bwana Mathe, aliwahi kurudishiwa salamu zake za Noeli kwa sababu ya koma. Siku hizi anasimulia kisa hicho huku akicheka.

Ukali huo ulikuwa na chanzo. Kwetu mtoto hupewa jina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo kijiji kimoja kinaweza kuwa na akina Kakule wengi kuliko migomba. Katika miaka yake ya mwanzo, hati moja ilitoka hapa ikiwa na jina la Kakule tu, na kakao ya Kakule mmoja wa Mabalako ikaandikwa kuwa ya Kakule mwingine. Majirani hao wawili, waliokuwa wakisali kanisa moja, waliacha kusalimiana. Mama Rébecca alipanda pikipiki kwenda kuwapatanisha, na haikuwa kazi ya siku moja. Jambo hilo lilimuuma sana. Tangu hapo, kila aliyemletea jina nusu aliulizwa swali lilelile: "Kakule ya nani, ya wapi?" Tulimtania kwa swali hilo hata harusini.

Mwaka jana mambo yalibadilika. Tawi la Beni lilikuwa limekua, lakini hati zake bado zilichapwa Butembo na kusafirishwa. Barabara ikifungwa, wakulima wa Mutwanga walisubiri wee, na baadhi yao wakaanza kupeleka magunia kwa wanunuzi wengine. Bwana Mathe akasema lazima tuchague mpango mpya wa printa.

Muuzaji mmoja alituletea mashini ya rangi yenye ukubwa wa kabati, inayochapa, kunakili na hata kubana karatasi kwa pini. Ilipowashwa kwa majaribio, jengo zima lilizimika, maana betri zetu za jua hazikuiweza. Mama Rébecca hakuficha furaha yake. Ndipo Bwana Mathe akapendekeza printa tatu ndogo, za nyeusi na nyeupe, zinazotumia umeme kidogo, na zote za aina moja ili tona, yaani wino, ya ofisi hii ifae kwa ile: moja Butembo, moja Beni, moja Kayna. Ulikuwa mpango mzuri. Mama Rébecca aliupinga kwa nguvu zote.

"Imprimante zitachapa, sawa," alisema mkutanoni, akichanganya Kifaransa na Kiswahili cha kwetu. "Mais nani atasoma? Batu ba Mutwanga batapoteza mali yabo juu ya jina."

Wapo waliodhani analinda kiti chake. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa ameshaahirisha kustaafu mara mbili, na alihofia kwamba uangalifu wa miaka yote ungetoka mlangoni pamoja na miwani yake.

Bwana Mathe hakubishana naye. Alimwomba apange yeye mwenyewe. Mama Rébecca akaenda Beni, akaenda Kayna, akatazama soketi na betri, kisha akatazama watu wanakaa wapi. Aliporudi alikubali printa tatu, kwa sharti moja: hakuna mtu anayeokota karatasi aliyoichapa mwenyewe. Printa inawekwa mbali na anayechapa, karibu na mwenzake. Huyo mwenzake ndiye anayeichukua na kuisoma kwa sauti: jina la mtu, la baba yake, na la kijiji. Vijana wa Beni walilalamika kwamba wamerudishwa darasa la katekisimu, lakini wakatii.

Msimu wa kakao ulipofika, Phinées wa Beni alichapa hati ya Mumbere mmoja wa Mutwanga. Bénite, anayekaa mkabala naye, akaiokota na kuisoma mbele ya mkulima. Mkulima akatikisa kichwa. Baba aliyetajwa alikuwa wa Mumbere mwingine, wa ng'ambo ya mto. Hati ikachanwa, nyingine ikachapwa, na mzee akaondoka na haki yake.

Bénite akapiga simu Butembo kueleza. Mama Rébecca alisikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama yule Mumbere mwingine naye amepata yake. Alipoweka simu alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Lusenge," aliniambia, "sasa naweza kwenda ku nyumba."

Barua yake ya kustaafu ilimfikia Bwana Mathe wiki hiyohiyo.

Anarudi Lubero, kwenye kahawa ya familia na wajukuu ambao, bila shaka, wataulizwa maswali. Tutaukosa uwepo wake, na wanakwaya wenzake wa parokia watalia zaidi yetu. Mama, wasingya, asante sana. Mungu akupe siku tulivu na kahawa inayozaa vizuri.

Wasifu huu umechapwa Beni. Phinées ameuchapa, Bénite ameuokota na kuusoma kwa sauti. Wewe hukuonyeshwa. Jina lako wameliandika hivi: Kavugho Rébecca, binti wa Kakule Élisée, wa Lubero.