Mizabibu ya Buteba Haijafa: Risala ya Akina Mama wa Kisomo kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Mazao

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bwana Ikwap, Mwenyekiti wa Kamati ya Mazao ya Biashara, Baba Paroko, Mwalimu wetu Erastus Wanjala, wazee, majirani mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka upande wa Kenya, na waume zetu mliosimama kule nyuma ingawa viti vipo:

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba masikio yenu.

MAKARIBISHO

Mheshimiwa, leo Jumamosi tarehe 14 Agosti 1965 umekuja Buteba kutupa vyeti vya kisomo cha watu wazima. Tumefurahi kuliko tunavyoweza kusema, na tumejitahidi kuyaandika yale tunayoweza. Ratiba uliyopewa inasema risala hii itachukua dakika tano. Ratiba hiyo iliandikwa na waume zetu. Tunakuomba radhi kwa niaba yao.

Sisi ni akina mama ishirini na wanne. Wengine wetu ni Waiteso, wengine Wasamia, wengine Wajopadhola, na wawili ni wa nyumba za Kiislamu za pale madukani. Kila mmoja aliolewa huku akija na lugha yake, na Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kugombana na kupatana. Asubuhi tunalima kwetu, alasiri tunasoma chini ya paa hili, na kati ya hayo mawili tunatunza shamba la mizabibu la nusu eka lililoko kilimani nyuma ya kanisa. Shamba hilo ndilo tunalotaka kukueleza leo. Vyeti vinaweza kusubiri. Sisi wenyewe tumevisubiri miaka arobaini.

HISTORIA YA SHAMBA

Mwaka 1938 Padri Kornelio, ambaye sasa ni marehemu, alishuka garimoshi Tororo akiwa na fungu la vijiti vilivyofungwa katika gunia bichi. Wazee waliompokea walidhani ni kuni, wakamhurumia kwa kuja kutoka mbali hivyo na kuni chache namna ile. Vilikuwa vijiti vya mzabibu.

Alitembea siku sita akitafuta mahali pa kuvipanda. Kila alipofika aliinama, akachota udongo, akautia mdomoni. Wanaume walisema padri ana njaa. Wanawake hawakushangaa, kwa kuwa mwanamke mjamzito wa kwetu hula udongo, tena hali udongo wowote tu. Anajua ule wa kichuguu, ule wa mtoni na ule wa njiani uliokanyagwa na ng'ombe, na ukimpa usio wake atakurudishia.

Mwenyekiti wetu, Mama Truphena, aliyekaa hapa mbele mwenye kitambaa cha njano, wakati ule alikuwa bibi arusi mwenye mimba ya kwanza. Alimkuta padri bondeni anatema mate.

"Padri," akamwambia, "huo ni udongo wa kufinyangia vyungu. Utakuvimbisha tumbo."

"Basi upi mzuri, mama?"

"Panda kule kwenye mawe, juu kidogo ya kile kichuguu kikubwa. Ule una uchachu na chumvi kwa mbali, na hauachi matope kwenye meno."

Padri akapanda kilima, akaonja. Kisha akasema, "Mama, una ulimi wa mtu aliyesomea."

"Nina ulimi wa miezi saba," akajibu Mama Truphena, akaenda zake kuteka maji.

Ndivyo mahali palivyochaguliwa, Mheshimiwa. Tunaeleza hivi kwa sababu tumesikia Kamati yako hupima udongo kwa chupa na dawa, na huenda mngependa kujua kuna njia nyingine.

Mwaka uliofuata vita vikaanza huko Ulaya, na divai ya misa ikaacha kufika. Parokia nyingine ziliipima kwa kijiko cha chai. Hapa kwetu mizabibu ilizaa mwaka 1941, na misa haikusimama hata Jumapili moja.

Hatutaficha kosa letu la mwanzo. Padri aliwapa mama zetu mtungi mmoja wa divai kuwashukuru kwa kazi ya mavuno. Wao wakaitunza kwa heshima kama wanavyotunza pombe ya nafaka ya wimbi: wakaimimina katika chungu, wakaongeza maji ya moto, wakachomeka mirija mirefu, wakakaa duara. Padri alipopita akashika kichwa.

"Mmeiua!"

"Lakini Padri, ilikuwa baridi," wakamwambia.

Alisimama pale kama mtu aliyefiwa. Baadaye, kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, akauliza kama kuna mrija uliobaki. Hatujaongeza maji ya moto tena tangu siku ile, ila wazee wawili waliokuwapo wangali wanasema ile ndiyo divai bora iliyowahi kutoka Buteba.

MAFANIKIO

Kwa miaka ishirini na saba tumejifunza tabia za nusu eka hiyo kama mke anavyojifunza tabia za mama mkwe, bila kuuliza maswali mengi.

Kilima kinatazama mashariki, hivyo jua huyafikia majani mapema na kuukausha umande kabla haujazaa ukungu. Mawe hushika joto la mchana na kulirudisha polepole jua likishazama. Maji ya mvua hayatuami hapo, na mzabibu, Mheshimiwa, haupendi kushibishwa. Ukiunywesha sana hunenepa majani na kusahau kazi. Mistari mitatu ya chini, iliyo karibu na kichuguu, hutoa zabibu ndogo nyeusi zenye ngozi nene, na divai yake hukaa mdomoni hata baada ya kusali Baba Yetu yote. Ile ya mistari ya juu ni nyepesi, nayo hupewa wageni wanaotarajiwa kuendesha baiskeli.

Hatukuyakubali haya kwa imani tu. Mwaka 1959 tulichukua vijiti vya mizabibu ileile tukavipanda Mukuju, kwenye bonde la dada yake Mama Truphena, penye udongo mweusi ambamo hata fimbo ya mzee huota. Ikakua kwa fujo. Zabibu zake zilikuwa kubwa kama mayai ya kanga, na divai yake ilikuwa na ladha ya maji yaliyooshea mchele. Tuliipeleka kwenye matanga, na hata matangani watu walibakiza.

Miongoni mwetu mkono mzuri kuliko wote wa kupogoa ni wa Bi Hajarah. Yeye ni Mwislamu, na divai haigusi wala hainusi. Watu walipomuuliza alijibu, "Mimi nachunga mti. Yanayotokea ndani ya pipa mtajibu nyinyi."

Sasa tunafika kwenye fanikio ambalo tunaona haya kulitaja mbele yako. Mwaka jana kwenye maonyesho ya kilimo ya Tororo, wewe mwenyewe ulikuwa mwamuzi wa meza ya vinywaji. Tulileta chupa moja ya mistari ya chini. Kadi yetu yenye jina la Buteba ilianguka chini ya meza, na wakati ule hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuandika nyingine. Tukasimama karibu.

Ulionja. Ukaonja tena ili kuhakikisha. Mara ya tatu ulifumba macho, ukawaambia waliokuzunguka, na sisi tulikuwa nyuma yako hatua mbili:

"Hii, mabwana, imetoka ng'ambo. Udongo wetu huu ni wa pamba. Kitu kama hiki hauwezi kukizaa."

Mama mmoja wetu alinong'ona, "Mzee anasema imetoka ng'ambo."

"Hajakosea," mwingine akasema. "Imevuka mto Malaba."

Mheshimiwa, hatukukusahihisha siku ile kwa sababu ulikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasahihishwi hadharani. Leo tumekuwa na muda wa kujiandaa. Chupa ilikuwa yetu. Tunakushukuru kwa sifa zako, na tunazihifadhi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, na imeandikwa kwenye karatasi.

Huko Ulaya, kama alivyotufundisha marehemu Padri, mzabibu hulala wakati wa baridi kali, ukaamka na nguvu za kuzaa. Kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Ukiuacha peke yake mzabibu huu utakaa macho mwaka mzima kama mlinzi, uchoke, uache kuzaa. Kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, baada ya mavuno, tunauvua majani yote kwa mikono, jani moja moja, mpaka ubaki mifupa mitupu. Unapumzika majuma kadhaa. Kisha tunapogoa, mvua inakuja, nao unaamka ukidhani umefika Ulaya.

Mwezi wa Februari mwaka huu, siku ya tatu baada ya kuuvua majani, alifika karani wa Kamati yako, Bwana Matayo. Ni kijana mwenye adabu na viatu safi. Alitembea katikati ya mistari, akatikisa kichwa, akahesabu. Mama Truphena alimkaribisha uji.

"Pole sana, mama," akasema karani. "Mmepata hasara kubwa."

"Tumezoea, mwanangu," Mama Truphena akajibu, akidhani anazungumzia mgongo wake.

Alipomaliza akatoa karatasi, akatuambia tubonyeze dole gumba kuonyesha kwamba amefika shambani. Tulikuwa tumemwona kweli amefika. Tukabonyeza, wote ishirini na wanne, na wino ulipobaki tukambonyezesha hata mtoto wa Bi Hajarah. Akatuachia nakala. Mama Truphena akaitia ndani ya kopo la chumvi, mahali penye heshima.

Mwezi wa Machi darasa hili likafunguliwa. Mwezi wa Julai Mwalimu Erastus akatuagiza kila mmoja alete karatasi yoyote iliyomo nyumbani mwake, tujaribu kuisoma. Wengine walileta karatasi ya kufungia sabuni. Mama Truphena alileta ile ya kopo la chumvi. Mwalimu akainakili ubaoni, mstari mmoja mmoja, nasi tukasoma kwa sauti moja, silabi kwa silabi:

"Si-si tu-li-o-bo-nye-za ha-pa chi-ni tu-na-ku-ba-li ku-ng'o-a mi-za-bi-bu mi-a ta-tu na ku-mi i-li-yo-ku-fa, na ku-pa-nda pa-mba ka-bla ya ta-re-he ku-mi na si-ta A-go-sti."

Tulipofika mwisho bila kukosea tulipiga makofi. Mheshimiwa, ilikuwa mara yetu ya kwanza kusoma sentensi ndefu namna ile. Wengine walipiga vigelegele. Mama mmoja alisema, "Sasa hata barua za mkwe wangu nitazisoma!" Mwalimu ndiye pekee aliyekuwa hapigi makofi. Alikuwa ameshika chaki, anatutazama.

"Someni tena," akasema. "Polepole. Safari hii sikilizeni."

Tukasoma tena. Hakuna aliyepiga makofi.

Tarehe kumi na sita ni keshokutwa. Chini ya karatasi ipo saini, na tunaambiwa ni yako. Kwa kweli ni saini nzuri, ingawa hatukuweza kuisoma. Hatudhani uliona mizabibu ile kabla ya kuisaini. Karani aliandika alichokiona, na alichokiona ni mizabibu iliyolala. Sisi pia tukilala hatuonekani wa maana. Lakini mizabibu hiyo ilizaa mwezi wa Juni vikapu arobaini na vitatu, na ikiwa imekufa, basi haijaarifiwa.

Hatuichukii pamba. Pamba tunayo kwenye mashamba ya bondeni. Lakini pamba huota popote, na divai ile haikukubali hata Mukuju, ambako ni mwendo wa asubuhi moja. Ikitoka juu ya mawe yale haina kwingine kwa kwenda. Na sisi tukiing'oa kwa mikono yetu, kwa ahadi ya madole yetu wenyewe, hatutakuwa na mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo linalotunyima usingizi.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba. Mwalimu alituambia risala njema ina maombi machache, kwa hiyo tumefuta lile la bati, lile la taa na mengine matatu. Yamebaki mawili.

La kwanza, tunaomba ufike shambani leo kwa miguu yako. Ni mwendo wa dakika kumi. Majani yameanza kuchipua tangu Jumanne.

La pili ndilo zito. Nyuma ya karatasi ile, kwa herufi ndogo ambazo zilituchukua siku mbili, imeandikwa kwamba anayepinga ataandika pingamizi kwa mkono wake mwenyewe, na Mwenyekiti wa Kamati akilipokea na kulitia saini mbele ya mashahidi kabla ya tarehe kumi na sita, amri ya kung'oa itasimamishwa mpaka shamba likaguliwe upya. Pingamizi tumeliandika. Lina kurasa mbili. Kila mmoja wetu ameandika jina lake lote kwa kalamu, na hakuna dole hata moja. Mashahidi ni hawa wote unaowaona, wa pande zote mbili za mpaka.

Mheshimiwa, tunajua safari yako ilikuwa ndefu na chai ya asubuhi imekwisha nguvu. Kuku saba wamekwisha kuiva, wali umefunikwa, na chupa ya mistari ya chini iko kwenye maji baridi. Dereva wako tumemwomba apumzike; yuko jikoni na hatakuwa na haraka. Mpishi ni Bi Hajarah, nasi tumejaribu kumsihi apakue mapema, lakini anasema vyungu vyake havifunguliwi kabla wino haujakauka. Tunasikitika kwamba hatuna mamlaka juu yake.

Kalamu iko mkononi mwa Mama Truphena, naye anakuja kwako sasa hivi.

Mwenyezi Mungu aibariki Uganda, awabariki jirani zetu wa Kenya, akujalie Mheshimiwa umri mrefu na hamu nzuri ya chakula, na kwa siku ya leo hasa aubariki mkono wako wa kulia.

Ni sisi watiifu wako,
Kikundi cha Akina Mama wa Kisomo na Mizabibu, Buteba.

Imesomwa na Anjeline Asio, Katibu, aliyeiandika mwenyewe.