Meno ya Mbele ya Sadala

Kijiwe cha Manundu kilikuwa ubao mmoja mrefu mbele ya kibanda cha Sadala, fundi baiskeli. Ubao huo, ukitaka kujua, ulishatawala nchi kuliko ofisi nyingi. Hapo ndipo ilipoamuliwa kila asubuhi nani anafaa kuhamia kijiji gani cha ujamaa na kwa nini mvua imegoma, na maamuzi yote yalivunjwa pale Mzee Mwinjuma alipobeba birika lake la kahawa na kwenda zake. Ulikuwa mwaka wa njaa, mwaka wa ule unga wa njano wa msaada kutoka Marekani ambao watu waliuita Yanga, na Ramadhani ilikuwa imekwisha juzijuzi tu. Asubuhi hiyo mada haikuwa nchi. Mada ilikuwa mdomo wa Sadala.

Fizi zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, zinatoka damu hata akila ugali laini. Basi alikuwa amekubali, kwa ulimi wake mwenyewe, kwamba kahawa ikiisha, Koleo amng'oe meno ya mbele ya chini. Koleo jina lake Fabiani. Hilo la Koleo alipewa kwa sababu alifanya kazi karakana ya shamba la mkonge, na alipoacha kazi hakuliacha koleo. Leo amekuja nalo, amelifunga kwenye kitambaa kama mandazi.

Sababu hasa Sadala hakumwambia mtu. Mkewe Zamda alikuwa amehamia kulala kwa watoto tangu katikati ya Ramadhani, na mchana akizungumza naye, Zamda hugeuza uso. Sadala alimpenda mkewe, na kutengwa huko kulimuumiza kuliko fizi. Alijiambia ugonjwa huu ndio unaomtia kinyaa mwanamke wa watu. Meno yakitoka, nao utatoka, na Zamda atarudi.

— Tena umechelewa, alisema Koleo. Jana nilikwambia mdomo wako unanuka kama makapi ya mkonge yaliyonyeshewa.

Watu walicheka. Sadala naye alicheka. Baba yake Koleo alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa na mkonge, Sadala ni Mzigua, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Maneno ya mtani mtu hayabebi kwenda nayo nyumbani.

— Ndugu wananchi, tusikimbilie koleo, alisema Muhidini, aliyeitwa Mkutano kwa sababu hajui kuzungumza na watu wachache. Tuanze na chanzo. Chanzo ni Yanga.

— Yanga imefanya nini?

— Ule unga kwao ni chakula cha ng'ombe. Sasa wewe chunguza ng'ombe. Juu kule mbele hana meno. Ukila chakula chake muda mrefu, mwili unafuata utaratibu.

Sadala alipapasa mdomo wake.

— Yangu mabovu ni ya chini.

— Ng'ombe wa Marekani huenda amepinduliwa, alisema Mkutano. Mimi sijafika.

Mzee Mwinjuma aliosha vikombe kwenye bakuli lake la maji, yale yale ya tangu alfajiri, akamimina.

— Yanga tunakula wote, alisema Koleo. Mimi nasema jino ni kama boriti. Ukiona ukuta umevimba, boriti inataka kutoka. Unaisaidia tu.

— Na hospitali je? aliuliza Sadala.

— Mwaka jana tulikaa kikundi kizima tukasikiliza vipindi vya afya redioni, alisema Mkutano. Tukachimba vyoo, tukafyeka majani. Meno sikuyasikia. Kwa hiyo hili si suala la afya.

Sadala alikunywa kahawa upande mmoja wa mdomo. Mzee Mwinjuma aliliweka birika chini, na Mzee Mwinjuma akiweka birika chini watu hunyamaza.

— Sadala mwanangu, jino lako la utotoni ulilitupa wapi?

— Juu ya paa, mzee. Kama watoto wote. Nyumbani kwa mama, kule Sindeni.

— Nyumba ile iko wapi sasa?

— Imebomolewa. Mama amehamishiwa kijiji kipya.

— Basi, alisema mzee. Paa halipo. Meno yako yatashika wapi?

Sadala alijisikia vibaya kabisa. Nyumba ile aliifikiria mara nyingi, ila hakuwahi kudhani ingemfuata mpaka mdomoni. Mkutano alitikisa kichwa, akasema hata yeye hoja hiyo ameipokea. Koleo alianza kufungua kitambaa chake.

— Kaa vizuri, mtani. Shika ubao.

Sadala alishika ubao, akafumba macho, akafumbua mdomo.

— Shikamooni.

Ilikuwa sauti ya Zamda. Alikuwa amesimama kando ya kibanda tangu hoja ya paa, kanga ya pili begani, na uso wa mtu aliyetembea haraka. Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama pale. Mzee Mwinjuma alijibu marahaba, na Koleo akalificha koleo nyuma ya mgongo.

— Nimesikia sokoni kwamba baba Mwaija anang'olewa meno, alisema Zamda. Nina swali moja tu, kisha mtaendelea.

— Uliza, shemeji, alisema Mkutano. Kikao kiko wazi.

— Sikukuu tumekula wote. Watu wote wamefungua. Mswaki wake utafungua lini?

Mkutano alikitazama kikombe chake. Koleo alifunga mdomo, na ilionekana anapitisha ulimi ndani taratibu, kama anayekagua.

Sadala ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

— Fizi zilitoka damu kabla ya mwezi kuandama. Niliogopa kuimeza nikiwa nimefunga. Nikauweka mswaki.

— Na baada ya Idi?

— Nilijaribu. Damu ikaja tena. Nikajua mswaki ndio unaoniumiza.

— Mimi mwezi ule nilidhani ni funga, na baada ya Idi nikadhani umeunganisha na zile siku sita za sunna, au una nadhiri, alisema Zamda. Nikaona nisikuharibie ibada. Ndiyo maana nilihamia kwa watoto.

Sadala alimtazama mkewe, na roho yake ikatulia kidogo kwa mara ya kwanza tangu katikati ya mfungo.

— Damu inatoka kwa sababu pamechafuka, alisema Zamda. Kliniki walituambia tukiwa na mimba, wote tulikuwa na fizi hizo. Unatafuna mswaki mpaka ulainike, unapitisha pale jino linapokutana na fizi, na nyuma pia, si mbele tu kwa ajili ya watu. Asubuhi na kabla ya kulala. Unasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, unatema. Siku za kwanza damu itakuja, usiache. Isipokoma, au jino likicheza, hapo tunakwenda hospitali. Si karakana.

Koleo alikohoa.

— Na hayo ya paa? aliuliza Mzee Mwinjuma.

— Paa linamhuzunisha, mzee, alisema Zamda. Haliozeshi fizi. Maji yake ya chumvi yanapoa nyumbani.

Aligeuka akaanza kuondoka. Sadala aliinuka, akakiacha kikombe kikiwa na kahawa, akamfuata. Walipoupita msikiti alisogea karibu, akaziba mdomo kwa kiganja ili aweze kusema.

— Mama Mwaija. Kule kwa watoto, utarudi lini?

Zamda hakugeuka, wala hakupunguza mwendo.

— Piga mswaki kwanza, alisema. Tena taratibu. Usiufanyie haraka.