Kadi Ndefu, Kasha Fupi

BINTI: Haloo, huduma kwa wateja, kitengo cha majokofu. Naongea na nani?

BABA: Haloo? Ni nani huyo?

BINTI: Baba?

BABA: Afadhali. Wewe ni wa nne, mama. Wa kwanza kaniambia nizime jokofu halafu niliwashe. Wa pili kaniwekea muziki. Wa tatu nikamwambia sina shida na jokofu, namtaka binti yangu, yule mwenye sauti nyembamba, akani—

BINTI: Baba, hii ni laini ya kazini.

BABA: Najua. Yako haipatikani.

BINTI: Simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka saa kumi na moja. Kuna nini? Umejikata tena?

BABA: Vidole vipo kumi. Sasa na salamu ndiyo mmefungia kabatini?

BINTI: Shikamoo, baba.

BABA: Marahaba. Habari za kazi?

BINTI: Nzuri. Baba, sema haraka.

BABA: Nina msumeno wa chuma mkononi na swali moja tu. Ile kadi ya picha naikatia upande gani?

BINTI: Unaikatia nini?

BABA: Imekataa kuingia. Vifaa vyote vya kompyuta nimenunua vile ulivyoniandikia, nimepanga, nimefunga, kazi safi. Nimefika kwenye kadi, ndefu. Inazidi kasha kwa vidole viwili.

BINTI: Haiwezekani. Nilikaa na vile vipimo wiki nzima. Kasha nililokuandikia linaimeza kadi hiyo na nafasi inabaki.

BABA: Ehe. Hilo kasha.

BINTI: Baba.

BABA: Sikulinunua.

BINTI: Jamani, baba.

BABA: Nilikwenda dukani na skwea yangu ya kupimia pembe. Nikaliwekea pembeni, naona mwanga unapita. Halina pembe lile, mama. Mimi seremala miaka thelathini, niingize ndani ya nyumba yangu kitu kisicho na pembe? Watu wakija waseme nini? Nikachukua jingine. Dogo kidogo, lakini pembe zake, ukiziona—

BINTI: Tunacheza mpira wa mtandaoni, baba. Hatuchezi pembe.

BABA: Hata muuzaji alishangaa. Alisema tangu afungue duka hajaona mtu anapima—

BINTI: Haya, haya. Vingine je? Ubao mama ni uleule?

BABA: Uleule. Ila huo si ubao. Nimeugonga, hauna sauti ya mbao hata kidogo.

BINTI: Umeugonga na nini?

BABA: Na kucha. Unanionaje?

BINTI: Prosesa imekaa?

BABA: Imekaa yenyewe. Alama ya kipembetatu kwa alama ya kipembetatu, ikazama bila kusukumwa. Aliyetengeneza pale ni fundi, nampa heshima yake. Tatizo feni inayokaa juu yake, naona imekaa kama imeazimwa. Nikasema nitie gundi ya mbao—

BINTI: Umetia gundi?

BABA: Kopo limeganda.

BINTI: (anapumua) Ahsante Mungu. Kwenye boksi la feni kuna kitu kama sindano, kina dawa ya kijivu. Hiyo ndiyo inapakwa katikati ya feni na prosesa, ili joto litoke.

BABA: Ile?

BINTI: Ile.

BABA: Mimi nilijua ni grisi. Nimeitia kwenye bawaba za mlango wa karakana. Mlango haulii tena, lakini.

BINTI: Yote?

BABA: Imebaki kidogo ncha—

BINTI: Kidogo kinatosha. Kama punje ya mchele. Usiiguse mpaka tumalize kuongea. Sasa kadi iko wapi?

BABA: Kwenye jiriwa.

BINTI: Umeibana kwenye jiriwa.

BABA: Nimeizungushia kitambaa, mimi si mshenzi. Nimepiga na mstari wa penseli. Huku mwishoni hakuna kitu cha maana, plastiki na feni. Feni zenyewe tatu. Tatu za nini, kwani inakausha nguo?

BINTI: Baba, nisikilize. Muuzaji alisema hiyo ndiyo kadi ya mwisho dukani. Tangu ile kompyuta ya zamani itoe moshi tumeshakosa Jumamosi mbili. Tukikosa hii ya kesho kutwa, ligi inatufuta. Wapinzani wetu, wale mapacha wa duka la dawa, watapewa pointi zetu bila kugusa mpira.

BABA: Ndiyo maana nataka kukata leo.

BINTI: Ukikata hatuchezi kesho kutwa wala mwakani. Weka msumeno chi— Ndiyo, mteja, ahsante kwa kusubiri. Jokofu lako ni la milango mingapi?

BABA: Jokofu gani?

BINTI: Milango miwili. Vizuri sana.

BABA: Mama, uko sawa?

BINTI: Niko hapa kukuhudumia, mteja.

BABA: (kwa sauti ya chini) Kuna mtu?

BINTI: Ndiyo, mteja.

BABA: Bosi? Yule uliyesema anatembea kama anatafuta sarafu?

BINTI: Huyohuyo... mfano huohuo, mteja. Uko hapa karibu kabisa.

BABA: Amekusimamia kichwani?

BINTI: Kwa ukamilifu.

BABA: Basi na mimi ngoja nijikaze. (anakohoa) Haloo, mhudumu. Jokofu langu linatoka povu.

BINTI: Hapana, mteja, hukusema povu. Ulisema kuna kifaa ndani kimekuwa kirefu.

BABA: Ndiyo. Povu pia, lakini zaidi urefu.

BINTI: Nakuomba usikikate. Kwa namna yoyote. Ukikikata jokofu haliwaki tena, na dhamana inakufa siku hiyohiyo.

BABA: Vidole viwili tu.

BINTI: Hata ukucha, mteja.

BABA: Basi nikate kasha. Nilitoboe mbele, kadi itoe pua nje. Nitaipigia na fremu, itapendeza.

BINTI: Hakuna haja. Fungua jokofu. Ndani, upande wa mbele, kuna droo ya mboga.

BABA: Kompyuta ina droo ya mboga?

BINTI: Lako linayo.

BABA: Mama, hawa watu wanakuchosha akili huko.

BINTI: Mteja, tazama tu. Kitu cha bati, kitupu. Wenye mboga za zamani, zile nzito zinazozunguka na kunguruma, ndiyo hupanga humo. Wewe mboga zako ni za kisasa. Kijibanzi kimoja, ulishakilaza juu ya ubao mama.

BABA: Jokofu lina ubao mama?

BINTI: (kwa sauti ya chini) Baba, tafadhali.

BABA: Ngoja, ngoja. Kile kijibanzi cha kuhifadhia mafaili, kilichochukua nafasi ya diski... Ahaa. Kwa hiyo hiki kizimba hapa mbele, kama cha njiwa, hakina kazi kwangu?

BINTI: Hakina.

BABA: Na ndicho kinachozuia kadi.

BINTI: Umeelewa vizuri sana, mteja. Kimeshikwa na nini?

BABA: (mtandao unakwaruza)

BINTI: Mteja? Kimeshikwa na nini?

BABA: Skrubu nne.

BINTI: Ahsante.

BABA: Usiniambie ahsante kwa sauti hiyo. Mimi mtu mzima, nafundisha vijana kila siku, tazama kwanza ndipo ushike chombo. Nimechukua msumeno kabla ya kutazama skrubu. Usimwambie mtu.

BINTI: Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, mteja.

BABA: Lo. Usikate. Nakuweka hapa kwenye maranda. (bisibisi inakwaruza, kitu cha bati kinaanguka) Kimetoka. Haya, kadi, karibu. Pole pole... (kadi inakwaruza bati)

BINTI: Mteja? Uko hewani?

BABA: Imelia tak.

BINTI: Tak ya kuvunjika au ya kukaa?

BABA: Ya kukaa, mimi siijui tak? Na mbele inabaki nafasi ya kiganja kizima. Mama, imekaa utadhani ilizaliwa humo.

BINTI: (anacheka, anajizuia) Tumefurahi kusikia hivyo. Je, kuna jambo jingine tunaloweza kukusaidia leo?

BABA: Hapana. Ngoja, lipo.

BINTI: Endelea, mteja.

BABA: Bosi bado yupo?

BINTI: Bado.

BABA: Basi wewe sikiliza tu, usijibu. Meza ya hii kompyuta nimeshaipiga vanishi. Nikataka kutengeneza kiti kimoja. Nikajikuta nimeranda mbao za viti viwili. Mkono umezoea. Vyote nimevimaliza, vimekaa pale, kimoja nakalia, kingine nakitazama. Mimi nilidhani nikizima redio nitapata utulivu, kumbe kelele niliyoizoea haikuwa ya redio, ilikuwa yako. Nyumba imenizidi ukubwa tangu uondoke, mama. Jumamosi nikikusikia humo kwenye spika za masikioni unanifokea nirudi nyuma nikabe, nitakuwa sawa. Ni hilo tu.

BINTI: (kimya)

BABA: Haloo?

BINTI: Nipo, mteja. Nimepokea... tumepokea malalamiko yako. Tunaomba radhi. Ningependa ujue kwamba kitengo chetu kinakukumbuka sana.

BABA: Kitengo chote?

BINTI: Chote. Hasa jioni, kikirudi chumbani kwake.

BABA: Kitengo kinakula?

BINTI: Kinakula, mteja. Ila hakipiki.

BABA: Kilikuwa hakipiki hata hapa.

BINTI: Na Jumamosi saa kumi kamili kitengo kitakuwa hewani. Naomba wewe usipande mbele kama wiki ile, ukatuachia lango wazi.

BABA: Niliona nafasi.

BINTI: Hapakuwa na nafasi, mteja. Dakika zangu zimekwisha, naonyeshwa saa. Kabla hujakata, kwa kipimo cha moja hadi tano, umeridhika kiasi gani na mhudumu wako?

BABA: Tano ndiyo juu?

BINTI: Ndiyo juu.

BABA: Mhudumu mpe tano.

BINTI: Na kampuni?

BABA: Kampuni mpe moja. Imenichukulia mtu.

BINTI: Nimeandika, mteja.

BABA: Haya, mama. Nakwenda kukwangua ile dawa kwenye bawaba.