Mlango Uliomsahau Mama Dancille

Mgeni rasmi, Mama Myriam, mkurugenzi wa mradi uliotujengea depo ya mbegu. Wazee wetu na majirani: ukungu wa Karuba umekuachia njia leo, nasi tumefurahi. Sauti ni ya Astrid anayesoma risala hii, maneno ni yetu sote.

TULIKOTOKA
Zamani depo ilikuwa na kufuli. Funguo zilipotea, ziliazimwa, na asubuhi moja tukakuta magunia yameondoka bila kuaga. Ndipo mkatuletea mlango wa chuma wenye mashine ya kusoma vidole. Mliandikisha kidole cha Papa Théoneste, rais wa koperative yetu, na cha Mama Dancille, mtunza mbegu.

MAFANIKIO
Tusiwe wachoyo wa shukrani. Tangu hapo hakuna mbegu iliyoibwa. Kidole hakiazimwi, wala hakisahauliwi mfukoni mwa koti. Mama Dancille aligusa, taa ya kijani ikawaka, naye akacheka peke yake: "Iko inanijua." Tulilala usingizi mzuri.

CHANGAMOTO
Vita vilipokaribia, Papa Théoneste alikimbilia Kitshanga, na kidole chake kikakimbia naye. Barabara imefungwa. Akabaki Mama Dancille.

Siku ya kuandikishwa alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Kirotshe, vidole vimelainika kwa kukaa bila jembe. Baadaye akarudi shambani. Jembe, kumenya mihogo, kupura maharagwe: mistari ya vidole ikalika. Mvua ya kwanza iliponyesha, aligusa mashine na taa ikawa nyekundu.

Tukadhani mkono ni mchafu. Kwetu mgeni hapewi mkono usiooshwa, na ile mashine tuliiheshimu kama mgeni. Tukamsugua vidole kwa majivu, kisha kwa jiwe la volkano. Kila ilipokataa, tukazidi kusugua. Kumbe tulikuwa tunamfuta wenyewe.

"Iko inasema mimi siko muntu wa hapa," alituambia. "Sasa niko nani?"

Vijana walitaka kuvunja mlango. Tukawazuia, maana ukivunjika wezi watarudi.

Siku hizi Mama Dancille anaota. Katika ndoto yake mlango unafunguka polepole bila kuguswa, maharagwe yanatoka yenyewe, yanapanda mlima ndani ya ukungu, na kila punje inajua shimo lake. Anaamka akisikia harufu ya udongo uliolowa. Anatusimulia tukiteka maji, hata nasi tumeanza kuota hivyo hivyo.

MAOMBI
Namba ya siri ya kuandikisha kidole kipya iko ofisini kwenu. Tunaiomba leo, mvua ingalipo. Na pamoja na mashine, tunaomba ufunguo wa kawaida, utunzwe na wanawake watatu wanaojuana kwa sura na kwa sauti.

Atakayekusalimia kwanza ni Mama Dancille. Tumemkataza kuosha mikono. Utuwie radhi ukikuta udongo. Mshike tu, na umwite kwa jina lake.

Mungu akufikishe Goma salama, na akirudishe nyumbani kila kidole kilichokimbia.

Ni sisi, Koperative Tuinuane, wakulima wa Karuba.