Mistari Minane ya Bi Delfina Rosazza

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Delfina Rosazza anastaafu baada ya kuitumikia almanaka yetu ya soka kwa miaka arobaini na miezi kumi, yote akiwa kwenye meza ileile ya ghorofa ya pili, dirisha likitazama soko la Porta Palazzo. Katika muda huo tumepata wakurugenzi sita. Hakuna aliyefanikiwa kumhamisha meza, sembuse kumhamisha msimamo.

Kazi yake ilikuwa moja: orodha ya mabingwa wa Italia. Inaanzia 1898, ubingwa ulipochezwa kwa siku moja tu, hapa hapa Torino, timu nne, na Genoa wakaondoka nao. Mtu atauliza, ni kazi gani hiyo ya kuongeza jina moja kwa mwaka? Mimi pia niliuliza, siku nilipoajiriwa kuwa msanifu kurasa, enzi nikiwa na nywele. Bi Delfina alinisukumia barua za asubuhi ile. Mzee wa Novi Ligure alitaka kuhakikisha kwamba timu yake ya Novese, mabingwa wa 1922, bado imo. Mwalimu mmoja alitukumbusha, kwa kurasa tano, kwamba mji wake mdogo wa Vercelli una ngao saba za ubingwa. Watu wa Genoa hawaandiki, wao hupiga simu, na siku hiyo mmoja alipiga kuuliza kwa nini ngao zao bado ni tisa.

"Kwa sababu ya kumi hamjaichukua, bwana," Bi Delfina akasema, akakata simu, akaendelea kutafuna vijiti vyake vya mkate mkavu.

Wafanyakazi wapya huambiwa mapema kwamba Bi Delfina ni mtu wa timu ya Torino, wale wa jezi nyekundu iliyoiva. Kila tarehe 4 Mei huomba ruhusa akapanda mlima wa Superga, ilikoangukia ndege ya mwaka 1949 na kikosi chao kizima cha mabingwa. Hilo halina utani, hata kwangu mimi mtu wa Juventus. Lakini jina la kwanza aliloliongeza kwenye orodha, mwaka 1985, lilikuwa Verona, na waliomaliza wa pili walikuwa Torino yake. Aliliandika kwa mwandiko safi kabisa, kisha akajifungia chooni nusu saa. Mpaka leo anadai alikuwa na mafua. Mafua, mwezi wa Mei!

Sasa nifike kwenye mistari. Orodha yetu ina misimu minane isiyo na bingwa. Sita ni ya vita, ligi haikuchezwa. Miwili ilichezwa, ila ubingwa ukaondolewa na shirikisho la soka na hakupewa mwingine. Mmoja ni 2005, walionyang'anywa ni Juventus yangu. Mwingine ni 1927, walionyang'anywa ni Torino yake. Mbele ya misimu ya vita Bi Delfina huandika "haukuchezwa". Mbele ya hiyo miwili huandika "haukutolewa". Ole wake mpiga chapa atakayechanganya maneno hayo mawili.

Kila kiangazi kaka yake mdogo, Ugo, alipanda ngazi zetu na wenzake wanne wa kilabu cha mtaani, wote wana imani kwamba ngao ya 1927 waliporwa.

"Dada, andika tu Torino. Herufi sita! Nani atakushtaki?"

"Mimi mwenyewe."

"Kumbe wewe siyo wetu!"

"Ugo, siku wakubwa wa shirikisho kule Roma watakapoirudisha nitaiandika kwa wino mwekundu, na mvinyo wa vermuti nitawanunulia mimi. Leo nendeni nyumbani, mnanukisha kitunguu saumu ofisini."

Kwa hiyo, wenzangu, mnaweza kukisia yaliyotokea mwezi huu. Mkurugenzi wetu mpya, Bwana Ollearo, alitaka kumuaga kwa heshima: picha yake na maneno ya shukrani ndani ya almanaka, kwenye ukurasa wa orodha yenyewe. Nafasi haikutosha. Bwana Ollearo akaniambia niondoe mistari isiyo na bingwa. Nami nikaiondoa. Nitasema ukweli kwa kuwa wote mnaujua: niliiondoa nikipiga mluzi. Ule wa 2005 nilianza nao.

Hapa kwetu ukurasa hauchapwi mpaka mwenye ukurasa aandike chini ya prufu, ile karatasi ya majaribio, "imeonwa, ichapwe" na kutia saini. Asubuhi ya tarehe 5 nikampelekea prufu. Napoli ya mwaka huu ilikuwa mahali pake chini, na picha ya Bi Delfina imekaa pembeni vizuri, amecheka. Alihesabu kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Akavua miwani.

"Renzo. Kijana wangu." Nina miaka hamsini na miwili. "Umejificha nyuma ya sura yangu, siyo?"

Bwana Ollearo akaitwa, akaja na tabasamu.

"Bi Delfina, ni mistari mitupu tu. Nani anayesoma mstari mtupu?"

"Si mitupu, Bwana Mkurugenzi. Babu yangu alikuwa uwanjani mwaka 1927. Alilipa kiingilio, akalowa mvua mpaka kwenye soksi, akarudi nyumbani bila sauti. Ngao walichukua, sawa, wao ndio wenye ngao. Lakini mwaka ule ulichezwa! Ukiufuta, yeye alikuwa wapi siku hiyo?"

"Tuna mtambo wa kuchapa mpaka saa sita mchana. Saa hiyo ikipita, tutakaa wiki mbili tukingoja zamu nyingine. Na wewe unastaafu, saini itatiwa na mwingine."

"Basi mngoje huyo mwingine. Mimi siisaini."

Akafungua kitambaa chake cha vijiti vya mkate, akaanza kula. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Bwana Ollearo akateremka chini kumwambia Gavino, msimamizi wa mtambo, aanze tu. Gavino, ambaye ni Msardinia na kwake duniani kuna ubingwa mmoja tu, wa Cagliari wa 1970, alifuta mikono yake polepole.

"Bila saini ya bibi, bwana, hii ni meza kubwa ya chuma. Lete kitambaa tuitandike."

Wapiga chapa wote wakaketi. Nikaona aibu, na aibu ilipozidi nikarudi kwenye kompyuta yangu bila kuagizwa na mtu. Nikairudisha mistari minane, mmoja mmoja. Wa 2005 niliuacha mwisho. Nafasi ya picha ikaisha.

"Na picha yako tuiweke wapi sasa?" Bwana Ollearo aliuliza, akiwa amechoka kweli.

"Tafuteni mahali patupu kweli," Bi Delfina akasema, akatia saini. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Almanaka imetoka, ukurasa wa kumi na moja umekamilika, na Bi Delfina hayumo. Ndiyo maana tunamuaga humu, katika jarida letu la wafanyakazi la karatasi nne lenye wino unaopaka vidole. Bwana Ollearo ameomba jina lake liwe la kwanza kati ya wanaoshukuru, na tumemweka.

Bi Delfina, asante kwa miaka arobaini ya kutukatalia. Tunakuombea magoti imara ya kupanda Superga, kaka asiyekununia, na usingizi wa mtu asiyedaiwa saini. Kuanzia tarehe 1 Julai orodha iko mikononi mwangu, Mungu atusaidie. Mistari ni minane. Anayetaka iwe saba aje, Gavino na mimi tupo.